Vidole Kufa Ganzi Usiku: Kosa Si la Baridi

Wewe mkulima unayekama ng'ombe kwa mkono asubuhi na jioni, je, huamka usiku ukakuta vidole vimekufa ganzi, nawe ukaukung'uta mkono mpaka upate nafuu? Wengi katika skimu za karibu na Eldoret huilaumu baridi ya Timboroa, wakajisugua mafuta. Mafuta hayafiki penye ugonjwa.

Ugonjwa upo katika kifundo cha mkono. Hapo mna njia nyembamba. Sakafu yake ni mifupa midogo, na dari yake ni ukanda mgumu. Humo hupita mshipa wa fahamu pamoja na kano 9 za kukunjia vidole. Kukama, kupukuchua mahindi na kushika panga kwa nguvu siku nyingi huweza kuleta uvimbe humo, na mshipa ukabanwa. Utaujua hivi: ganzi hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, lakini kidole cha mwisho husalimika. Kisukari na uja uzito huweza kuuleta pia, basi mweleze daktari yote.

Dawa ya kwanza ni nyepesi: gango la kunyoosha kifundo, lifungwe usiku kwa wiki 6 hivi. Ya pili ni sindano ya steroidi. Utafiti wa Uingereza uliotolewa 2018 ulionyesha kuwa baada ya wiki 6 sindano ilishinda gango. Baada ya miezi 6 vilikuwa sawa. Basi usidhani sindano moja imemaliza kazi.

Ya tatu ni kupasuliwa: ukanda ule hukatwa ili mshipa upate nafasi. Wengi huogopa kisu, lakini mara nyingi mtu hutiwa dawa ya ganzi mkononi tu, akarudi nyumbani siku ile ile. Huko Uholanzi walifuatwa wagonjwa zaidi ya 900, na habari zao zikatolewa 2025. Baada ya miezi 18, katika kila 100 walioanza na kisu, 61 walikuwa wamepona. Walioanza na sindano, 45. Mkono huhitaji wiki kadhaa kabla ya kukama tena, kwa hiyo tafuta mkamaji mapema.

La kuogopa ni kuchelewa. Nyama ya chini ya kidole gumba ikipungua, ukaanza kuangusha kikombe, mshipa umekwisha kuumia, na hata kisu huenda kisirudishe nguvu zote. Usingoje mavuno yaishe. Nenda zahanati, uombe barua ya kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, mjini Eldoret.