Dawa za moyo: usiziache kwa sababu umepata nafuu

Ndugu wakaaji wa kambi, wengi wetu tulivuka mto Ruzizi tukaacha dawa nyumbani. Wengine wanameza nusu nusu ili zisiishe. Ndugu, ni hatari.

Ukijisikia vizuri, ni dawa inayofanya kazi. Ukiiacha, presha hupanda, na maji hurudi miguuni na kwenye mapafu.

Fanya hivi:

- Mletee mfamasia paketi zote, hata tupu, hata zilizotoka Bukavu. Dawa moja inaweza kuwa na majina mawili. Ukimeza zote mbili umezidisha.
- Furosemidi ya mara moja kwa siku imezwe asubuhi. Ukiimeza jioni, utaamkia choo usiku kucha.
- Enalaprili ikikuletea kikohozi kikavu, mwambie mfamasia, ataomba ubadilishiwe. Mama mjamzito aseme upesi; inaweza kudhuru mtoto.
- Usinunue diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya viungo. Huzuia maji mwilini na kuelemea moyo.
- Ukisahau kidonge, usimeze viwili kwa pamoja.
- Usiazime dawa ya jirani. Njoo kabla zako hazijaisha.

Njoo zahanati siku hiyohiyo ukiona miguu inavimba, au uzito umeongezeka kilo 2 kwa siku 3. Kifua kikibana, au ukikosa pumzi ukilala, njoo mara moja, hata usiku. Ikihitajika utapelekwa hospitali ya Gihundwe.

Hujui kusoma paketi? Si aibu. Tuulize sisi wahamasishaji wa afya tukipita.