Masika Yakiisha, Tazama Upepo

Kila mwaka ukiingia mwezi Mei swali huwa lile lile: mvua zimekwisha? Anayeuliza ana likizo ya wiki moja, amesikia bei za hoteli Unguja zimeshuka, na hataki kulipa nauli ya boti ili akaitazame mvua kupitia dirisha. Jibu langu huwaudhi wengi, kwa sababu namrudishia swali. Utafikia upande gani wa kisiwa? Na siku hiyo mwezi utakuwa wa ngapi? Mwezi ninaousema ni wa angani, si wa kalenda ya ukutani.

Mvua za masika huletwa na ukanda mpana ambako pepo za kaskazi na pepo za kusi zinakutana. Hewa yenye unyevu ikibanwa hapo haina pa kwenda ila juu, na ikifika juu inapoa na kuwa mawingu. Ukanda huo hulifuata jua. Jua likivuka ikweta mwezi Machi kuelekea kaskazini, nao hutupitia sisi njiani, na kwa kuwa hauna haraka, Aprili nzima unaweza kuwa juu ya vichwa vyetu. Katika mwaka wa kawaida Unguja hupata zaidi ya milimita 300 za mvua kwa Aprili peke yake. Juni huambulia sehemu ndogo tu ya kiasi hicho.

Ndiyo maana masika hayaishi kwa tarehe. Huisha pale kusi inaposhika, na mtu yeyote aliye pwani anaweza kuona imeshika au bado. Upepo uliokuwa ukigeukageuka, mara upo mara haupo, sasa unatoka upande mmoja mchana kutwa, kusini au kusini mashariki. Mawingu mazito yaliyoziba anga yanakuwa vipande vidogo vyeupe vinavyokimbia. Mvua haijakoma kabisa, lakini inakuja usiku au alfajiri, rasharasha za muda mfupi, na saa mbili asubuhi mchanga umeshakauka. Usiku watu wanaanza kutafuta shuka. Mwaka mmoja dalili hizi huonekana katikati ya Mei, mwaka mwingine hadi Juni ndipo zinakamilika. Anayekata tiketi kwa kuangalia tarehe tu anacheza bahati nasibu.

Kuna jambo jingine linaloifanya Aprili na mwanzo wa Mei kuwa wakati wa kuangaliwa kwa makini. Vimbunga vya Bahari ya Hindi ni nadra kufika kwetu, kwa sababu tuko karibu mno na ikweta, lakini vilivyofika vimechagua majira hayo. Kimbunga Hidaya kilitua Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kile cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja kwa mashamba mazima huku Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa nyumba ya karafuu. Simtishi mtu. Nasema tu kwamba kati ya punguzo la bei la mwisho wa Aprili na lile la mwanzo wa Juni, la pili lina thamani zaidi hata likiwa dogo.

Sasa upande. Kusi inapovuma, fukwe za mashariki ya Unguja, kuanzia Makunduchi, Jambiani, Paje na Bwejuu hadi Kiwengwa na Matemwe, ndizo zinazoupokea upepo kifuani. Mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufukwe huyavunja mawimbi makubwa, kwa hiyo ukisimama Paje unausikia mngurumo kule nje na kuona mstari mweupe wa povu, ilhali maji yaliyo mbele yako yanachafuka kidogo tu. Si pabaya kuogelea, mradi usikaribie milango, yaani nafasi zilizo wazi kati ya mwamba na mwamba. Maji yote yaliyoingia ndani ya mwamba hutokea hapo wakati wa kupwa, na hutoka kwa kasi isiyojali kama unajua kuogelea au hujui. Ukifika, muulize mvuvi yeyote akuonyeshe mlango uko wapi. Anaujua, kwa sababu ndiyo njia ya ngalawa yake.

Upepo huo pia hulundika ufukweni majani ya baharini, na mgeni akiyaona asubuhi hudhani ni uchafu wa hoteli. Ni nyasi zinazoota chini ya maji na kuushika mchanga usihamishwe na mikondo, na zikikatika hutupwa pwani. Hunuka kidogo zikikauka, basi. Wanaoifurahia kusi kuliko wote ni wale vijana wanaovutwa juu ya maji kwa tiara kubwa. Kuanzia Juni anga ya Paje hujaa tiara zao, na kama unakwenda na watoto wadogo chagua sehemu iliyo mbali nazo, maana kamba zile hukata.

Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi ni hadithi nyingine. Huko kisiwa chenyewe kinakukinga na kusi, bahari inatulia, na kwa kuwa ufuo unashuka haraka kwenda kilindini, maji hayakimbii mbali yakipwa. Ikifika kaskazi, kuanzia Desemba, mambo hubadilika na upande huo ndio unaopata mawimbi. Kwa hiyo rafiki yako aliyekwenda Januari akakusifia au akakupondea ufukwe fulani hakukudanganya. Aliona bahari nyingine.

Nije kwenye mwezi, ambao naona unadharauliwa kuliko vyote. Bahari ya Unguja hupanda na kushuka kwa hadi mita nne hivi siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana. Hilo wengi wa pwani wanalijua. Linalosahaulika ni saa. Siku za bamvu maji ya Unguja hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume: saa nne asubuhi ndipo maji yanapokuwa yamejaa. Kila siku inayopita, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Tafsiri yake kwa mtu wa Jambiani ni hii. Siku ya bamvu, ukimaliza chai na kushuka ufukweni saa nne, huioni bahari. Unaona uwanda wa mchanga na vidimbwi vinavyong'aa, na mbali kule wanawake wameinama kwenye vigingi na kamba za mwani, kilimo ambacho kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989 na ambacho ratiba yake yote hupangwa na bamvu. Maji ya kuogelea yako mwendo wa nusu saa kwa miguu. Watu wamelipia chumba cha mbele kabisa, kinachotazama bahari, wakaja kulalamika mapokezi kwamba bahari haipo. Ila kwa anayependa kutembea, hiyo ndiyo siku yake: vaa viatu vya mpira kwa sababu ya viumbe vyenye miiba mirefu myeusi, usikanyage mashamba ya watu, na geuka kurudi mara tu maji yanapoanza kupanda. Yanaanza polepole, kisha yanajaza kwanza vifereji vilivyo nyuma yako.

Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hahitaji programu ya simu. Kuanzia mwezi mosi hadi wa 3, na wa 15 hadi wa 17, ni bamvu. Kuanzia wa 8 hadi wa 10, na wa 22 hadi wa 24, ni maji mafu. Wanaotaka kuogelea asubuhi upande wa mashariki wachague siku hizo za maji mafu.

Usafi wa maji baada ya mvua hutegemea mito, na Unguja ina bahati ya kutokuwa na mto mkubwa. Upande wa mashariki ni jiwe la matumbawe, mvua huzama humo badala ya kutiririka na udongo, ndiyo maana bahari ya huko husafika mapema. Mfereji kati ya Unguja na bara ni habari nyingine, kwa kuwa Wami na Ruvu humwaga tope lao huko. Mbele ya Mji Mkongwe nisingeogelea siku mbili za mwanzo baada ya mvua kubwa, kwani mitaro ya mji huishia baharini. Mfano ulio wazi zaidi uko Kenya. Mto Sabaki hutoka bara na udongo mwekundu na kumwaga kaskazini mwa Malindi. Kaskazi ikivuma, tope lile husukumwa kusini hadi fukwe za mji, na kusi ikishika hupelekwa upande wa pili.

Kuhusu hoteli, bei ya chini ina sababu zake. Nyingine hufunga kabisa Aprili na Mei, na zinazobaki hutumia wakati huo kuezeka upya makuti na kupaka rangi. Kabla ya kulipa uliza: jiko linafanya kazi? Kuna mafundi? Paa la chumba changu limeezekwa lini? Anayesitasita kujibu ameshajibu. Na chandarua usiache kukitumia hata kama malaria Zanzibar imepungua sana, kwa sababu mbu huzidi wiki chache baada ya mvua, yaani hasa wakati huu.

Safari yenyewe nimeiweka mwisho kwa makusudi. Kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja wakati wa kusi, boti huenda na upepo nyuma yake, na abiria hushuka akisema bahari shwari. Kurudi ndiko kwenye kazi, kwani boti huukabili upepo na mawimbi uso kwa uso. Panda ya asubuhi, kabla upepo wa mchana haujakaza, na ukae chini, karibu na nyuma. Na usidhani mvua zikiisha hatari imeisha: meli ya Mv Spice Islander ilizama Septemba 2011 karibu na Nungwi, na Mv Skagit Julai 2012 karibu na Chumbe. Maafa hayo mawili yalitokea katika majira ya kusi, mvua zikiwa zimekwisha zamani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa kwa ukanda wa pwani, nazo hutangazwa redioni na mitandaoni bila malipo. Zisome jioni kabla ya safari, na boti ikizuiwa kuondoka, usiende kutafuta jahazi la kukuvusha. Lala, uondoke kesho.