Nunua kitanda, mota itapatikana

Kazi nyingi zinazoletwa kwenye karakana ya nyumbani hapa Lubumbashi ni ndogo: bushi ya pikipiki, puli ya mashine ya kusaga mahindi, shafti ya pampu ya kisima, bolti ambayo madukani haipo. Ndiyo maana mtu mwenye akiba kidogo akiona picha ya mashine ya kukerezea chuma ya Kichina, ile ya kilo arobaini hivi inayokaa juu ya meza, huona imemtosha. Pengine imemtosha kweli. Lakini kabla hajatoa dola zake, achukue mita aende kwa jirani mwenye mashine ya kusaga, apime puli.

Mashine hizo za mezani huandikwa milimita 180. Hicho ni kipenyo cha kitu kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda, yaani zile reli za chuma cha kusubu ambazo gari linalobeba kisu huteleza juu yake. Kitu hicho kikitakiwa kupita pia juu ya gari hilo, unabaki na milimita 110 hivi. Puli ya milimita 200 haiingii kabisa. Tundu la spindeli, mhimili unaozungusha kazi, nalo lina milimita 20 tu, kwa hiyo shafti nene haipenyi kwenda nyuma. Lazima yote ienee katika nafasi ya milimita 300 au 350 iliyopo mbele. Anayetengeneza vipuri vya cherehani au vya redio hatajali. Anayengoja kazi za mashine za kusaga atawarudisha wateja wake kila wiki.

Kwa maoni yangu, karakana ya kuchuma pesa mjini hapa ianzie milimita 250 juu ya kitanda na nusu mita kati ya vichwa viwili vinavyoshika kazi, cha mbele na cha nyuma, na mashine yenyewe izidi kilo mia moja. Uzito huo ndio unaomeza mtetemo kisu kinapokata. Mashine nyepesi hutetemeka, na chuma hutoka na mawimbi unayoyahisi kwa kidole.

Ukifika ukubwa huo, mashine mpya huwa ghali, hasa ukiongeza usafiri na ushuru hadi ivuke mpaka wa Kasumbalesa. Hapo ndipo mtumba unapoingia. Mji huu ulijengwa na reli na shaba: reli ilifika mwaka 1910, na Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ikaanza kuyeyusha shaba hapa mwaka 1911. Reli na mgodi haviendi bila ateliye, na ateliye haiendi bila mashine ya kukerezea. Ukikuta chapa kama Mondiale ya Ubelgiji, au Cazeneuve na Ernault-Somua za Ufaransa, usiikimbie kwa sababu ya rangi iliyobanduka. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière, kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Papa yeyote aliyekerezea chuma huko au kwenye karakana za shirika la reli, SNCC, anajua mashine za namna hiyo kwa kuzisikiliza tu. Mlipe nauli na soda, uende naye.

Mtakapofika, muuzaji atawasha mota na kukuonyesha inavyozunguka kwa ulaini. Mwachie afurahi. Mota ikiungua, mafundi wa kusokota waya wapo, na mota nyingine hupatikana. Kitanda kikiliwa, kinahitaji kusagwa upya kwenye mashine kubwa kuliko hiyo unayonunua. Gharama yake inaweza kuipita bei ya mashine nzima.

Kitanda huliwa zaidi karibu na mandreni, yaani taya zinazoshika kazi, kwa kuwa kazi nyingi hufanyika pale. Sogeza gari hadi pale, kaza kidogo kifungio chake hadi liende kwa uzito, kisha lisogeze taratibu kuelekea kichwa cha nyuma. Likiendelea kwa uzito uleule, kitanda kizuri. Likianza kubana hadi likwame, ujue pale mbele pameliwa na huku nyuma bado ni pazima. Pitisha na ukucha ubavuni mwa reli. Mahali pasipoguswa na palipoliwa hutenganishwa na ukingo mdogo, na ukucha huukamata.

Jaribio la pili linataka umeme. Funga chuma cha mviringo cha milimita 40, kitokeze milimita 150 nje ya mandreni, bila kukishikilia kwa nyuma. Kata kwa kisu kikali, kina kidogo sana, kisha pima kwa mikromita mwanzo na mwisho. Tofauti ya sehemu mbili au tatu za mia za milimita, yaani 0.02 au 0.03, mimi naipokea. Ikifika moja ya kumi, uliza kwanza kama mashine imekaa sawa sakafuni, kwani miguu iliyofungwa kwenye zege lililopinda hupinda kitanda pia. Weka pimamaji kabla ya kulaumu chuma. Mchezo kwenye mikono ya kuzungushia usikutishe. Nati ya shaba nyeusi ndiyo imekwisha, nayo hutengenezwa upya. Lakini itaje wakati wa kupatana bei.

Mashine ya zamani ya Kiingereza, ikipanda kutoka upande wa Zambia au Afrika Kusini, mara nyingi parafujo yake kuu imekatwa kwa inchi. Ili ikate hesi za milimita kwa usahihi inahitaji gia ya meno 127, kwa sababu inchi tano ni milimita 127 kamili. Zitoe gia zote sandukuni, uzihesabu meno. Ile ya 127 isipokuwepo, utakata hesi zinazokaribia tu, na nati ndefu itagoma katikati.

Sasa umeme. Mashine nyingi za zamani zina mota ya fezi tatu, na nyumbani shirika la umeme, SNEL, huenda limekuletea fezi moja. Kuna kisanduku cha elektroniki, variateri, kinachopokea fezi moja ya volti 220 na kutoa tatu za volti hizohizo. Soma kibati cha mota. Kikiandikwa 220/380, fundi ataibadili waya na itafanya kazi. Kikiandikwa 380/660, hesabu mota nyingine. Variateri ina faida nyingine: huianzisha mota polepole. Mota ya fezi moja ya kilowati moja na nusu, ukiiwasha moja kwa moja, huvuta mara tano au sita ya umeme wake wa kawaida, na jenereta ndogo ya nyumbani huzimika hapohapo. Zile mashine za mezani, mwendo wake huongozwa na kadi ya elektroniki, na kadi haipendi volti zinazopanda na kushuka. Ukinunua moja, nunua na kadi ya akiba siku hiyohiyo.

Usitumie fedha zote kwenye mashine. Weka theluthi ya bajeti kwa mandreni ya taya nne, vyuma vya visu, mikromita na mafuta. Visu vya chuma cha kasi unavyonoa mwenyewe vinafaa mashine yenye nguvu ndogo kuliko vile vya vipande vigumu vya kununua, na kwa shaba yetu safi, inayonata kwenye kisu, makali ndiyo kila kitu. Vumbi jekundu la kiangazi likichanganyika na mafuta juu ya reli husaga kitanda mchana na usiku, kwa hiyo nunua pia turubai.

Bado swichi. Iwashe mashine bila kitu kwenye mandreni, kata umeme kwenye disjonta ya ukutani, ngoja isimame, kisha rudisha. Ikiamka yenyewe, haina kontakta ya kuizuia, na siku moja umeme utarudi huku mkono wako ukiwa na mikromita katikati ya taya. Kontakta si ghali. Mwambie muuzaji aikate kwenye bei, na fundi wa umeme aifunge kabla hujakereza hata bushi moja.