Bunduki gani itachunga viazi vyetu?



Mbogo akitoka katika Parke ya Virunga usiku na kuingia shambani, kazi ya miezi mitatu inaisha mbele ya asubuhi. Ndiyo maana katika mikutano ya Kibumba swali moja linarudia: koperative ichange pesa inunue bunduki ya kuwinda? Na kama ni ndiyo, ya marke gani? Wamoja wanasifu Mauser, wengine Mannlicher. Tuzitazame zote mbili kwanza, kisha tuone kama zinatufaa.

Zote ni za namna moja. Kando iko kishikio cha chuma: unakinyanyua, unakivuta nyuma, ganda la risasi linatoka; ukikisukuma mbele, risasi mpya inaingia. Haipigi mfululizo.

Mauser ya 1898 inatoka Ujerumani. Iko na ukucha mrefu wa chuma unaoshika risasi tangu inapoingia mpaka ganda linapotupwa inje. Hata mkono ukitetemeka, risasi haikwami kwa urahisi. Mannlicher-Schönauer ya 1903 inatoka Austria. Risasi zake zinakaa katika kisanduku kinachozunguka, na kishikio chake kinateleza vizuri sana. Lakini kisanduku hicho kinatengenezwa kwa kipimo kimoja cha risasi. Ukikosa risasi hiyo, bunduki inabaki fimbo.

Mwindaji wa tembo W.D.M. Bell, mtu wa Scotland, alizitumia zote mbili zaidi ya miaka 100 iliyopita, kule Karamoja ya Uganda na upande wa Lado. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ndogo ya milimita 7. Siri yake haikuwa marke. Alipasua vichwa vya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo unakaa wapi, akafanya mazoezi miaka mingi.

Sasa tujiulize sisi: mlimaji ametolewa usingizini, kuko giza na ukungu, mbogo yuko hatua 20. Mbogo aliyejeruhiwa anaweza kujificha majanini na kumurudia mtu. Tanzania inataka anayewinda mbogo awe na bunduki kubwa, ya kipimo cha .375 kwenda juu. Zile ndogo alizotumia Bell hazifiki hapo.

Kwa hiyo, kati ya marke mbili, Mauser inashinda kidogo. Lakini kwa shamba la Kibumba hakuna hata moja inayofaa. Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni sheria. Sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda wanyama wa parke, na tangu 1985 raia hawezi kuweka bunduki bila ruhusa ya serikali.

Ya pili ni usalama wetu. Kibumba imeona vita mara nyingi. Nyumba yenye bunduki inatafutwa na kila upande: huyu anataka kuinyang'anya, yule anamwita mwenyewe mpiganaji. Bunduki ya kuchunga viazi inaweza kuondoa baba wa nyumba.

Ya tatu ni mbogo wenyewe. Ukiua mmoja leo, kesho wengine wanapita katika tundu lile lile.

Basi tuzibe tundu. Ngambo ya pili, Rwanda, ukuta wa mawe unafuata mpaka wa parke kwa zaidi ya kilometa 70. Mawe ya volkano hata sisi tuko nayo. Ukuta unataka mawe yaliyoshikana vizuri, mtaro mbele yake, na watu wa kuutengeneza kila mara, kwa sababu mwanya mmoja unatosha kuharibu kazi yote. Nyani anauruka, kwa yeye tupange zamu za mchana, na tulime karibu na parke mimea ambayo wanyama hawaipendi, kama pareto.

Mbele ya mkutano unaokuja, kila kikundi kitembee upande wake, kihesabu matundu na kuyaandika. Tutapeleka orodha kwa shefu wa grupema na kwa ICCN pamoja. Pesa mliyotaka kuchangia bunduki, ichungeni: itanunua majembe, mitarimbo na chakula cha watu wa salongo.