Foleni ya Samunge na swali la dada yangu

Juzi dada yangu alinipigia simu kutoka Karatu. Mwanawe anaingia darasa la tano, na anataka kumtoa shule ya kijijini ampeleke bweni, shule ya binafsi. Sababu yake ni moja tu: "Pale watoto wote wanafaulu. Akikaa nao, naye atabadilika." Ada ya mwaka ni kama bei ya ng'ombe wawili. Akaniuliza, "Wewe si ndiye unasoma hayo mambo ya takwimu? Basi niambie, inafanya kazi au haifanyi?"

Nikamwambia nitampigia jioni. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwepa, maana swali lake ni gumu kuliko linavyosikika. Nikiwa nawaza, akili ikanirudisha mwaka 2011, kwenye foleni ya Samunge.

Kama ulikuwa mdogo wakati ule, ngoja nikukumbushe. Samunge ni kijiji cha Wasonjo, wilaya ya Ngorongoro. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa akiwapa watu kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga. Bei ilikuwa shilingi 500. Alisema ni ufunuo kutoka kwa Mungu, na kwamba dawa inatibu kisukari, presha, pumu, saratani, hata UKIMWI. Ilipofika Machi, magari yaliyokata kona Mto wa Mbu kupitia Engaruka na Engaresero yalikuwa mengi kiasi kwamba vyombo vya habari viliripoti foleni ya hadi kilomita 26. Wapo waliofia njiani wakisubiri. Babu mwenyewe aliomba wageni wapya wasije hadi baada ya tarehe 1 Aprili, foleni ipungue kwanza.

Shangazi yetu alikwenda. Ana kisukari. Alirudi na uso unaong'aa, akala ugali kama zamani, na bila kuambiwa na mtu yeyote akaamua mwenyewe kuacha vidonge. Baada ya wiki kadhaa kaka alimlazimisha apime: sukari ilikuwa juu sana. Akarudi kliniki. Hadi leo ukimuuliza, anakwambia kikombe kilimsaidia. Na mimi, pamoja na masomo yangu yote, sina namna ya kumthibitishia kwamba hakikumsaidia. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kwa nini shangazi alikwenda? Yeye anasema, "Kila mtu alikuwa anakwenda." Jibu hilo linaonekana rahisi, lakini Charles Manski, mtaalamu wa ekonometria (uchumi unaopimwa kwa takwimu) wa Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, aliandika makala nzima mwaka 1993 kuonyesha lilivyo gumu. Fikiria umesimama njia panda ya Mto wa Mbu unahesabu magari. Unaona kwamba kijiji kikitoa watu wengi, karibu kila mtu wa kijiji hicho anakwenda. Je, wamefuata mkumbo, yaani mmoja amemvuta mwenzake? Inawezekana. Lakini inawezekana pia kwamba ni kijiji cha wazee wengi, na wazee wana maradhi mengi, kwa hiyo kila mmoja angekwenda hata kama jirani yake angebaki nyumbani. Au hakuna hospitali karibu na wote wamesikiliza redio ileile asubuhi ileile. Ukitazama foleni peke yake, hali hizi zote zinafanana kabisa.

Manski alitumia mfano wa kioo. Mtu akinyanyua mkono, na taswira yake inanyanyua mkono wakati huohuo. Kama wewe ni mgeni wa vioo, utajuaje nani anamwongoza nani? Ukiwatazama tu huwezi. Lazima ujue kitu cha ziada kuhusu jinsi kioo kinavyofanya kazi.

Sasa rudi kwa dada yangu. Shule anayoitaka ina watoto wanaofaulu. Je, wanafaulu kwa sababu wanakaa pamoja? Au shule iliwachuja kwa mtihani wa kuingilia, ikachukua waliokwisha kuiva? Au wazazi wanaoweza kuuza ng'ombe wawili kila mwaka ndio haohao wanaoweza kununua vitabu na taa ya sola? Ni foleni ileile, ila hii imevaa sare. NECTA walipoacha kutangaza shule kumi bora mwanzoni mwa 2023, wengi walilalamika. Mimi sikusikitika sana, kwa sababu orodha ile ilituambia nani amefika kileleni bila kutuambia alianzia wapi.

Njia mojawapo ya kukivunja kioo ni kura. Hili lilifanyika si mbali na kwetu, magharibi mwa Kenya. Kenya ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, darasa la kwanza lilifurika. Mwaka 2005 watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya kazi na shule 121 zilizopewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja wa ziada, ili darasa la kwanza ligawanywe mikondo miwili. Kura ikapigwa: kwenye shule 61 watoto waligawanywa ovyo tu, na kwenye shule 60 waligawanywa kwa alama, wa juu huku na wa chini kule.

Uzuri wa kura ni huu: mtoto aliyeangukia mkondo wenye wenzake wakali hakuangukia pale kwa sababu mama yake ana fedha. Ni bahati tu. Kwa hiyo akimpita yule aliyeangukia mkondo mwingine, huwezi tena kusingizia nyumbani kwao. Na kweli, kwenye shule zilizochanganya watoto kwa kura, aliyepata wenzake wenye alama nzuri alifanya vizuri zaidi. Hapo dada yangu angepiga makofi.

Asubiri kwanza. Kwenye zile shule 60 zilizotenganisha watoto kwa alama, ungetarajia wale wa mkondo wa chini waumie, si ndiyo? Wamebaki wenyewe kwa wenyewe, hakuna wa kumwiga. Lakini baada ya miezi 18, watoto wa shule hizo, wa juu na wa chini pia, walikuwa mbele ya wale wa shule zilizochanganya. Tofauti haikuwa kubwa mno: mtoto wa kawaida, ambaye angewapita wenzake 50 katika 100, sasa angewapita kama 56. Cha kushangaza zaidi ni mtoto wa katikati kabisa. Aliyeponea chupuchupu akaingia mkondo wa juu akiwa wa mwisho, na aliyekosa kidogo akawa wa kwanza mkondo wa chini, mwishoni walikuwa karibu sawa. Yule wa kwanza alizungukwa na vipanga, yule wa pili hakuzungukwa nao, na bado hawakuachana.

Maelezo ya watafiti ni mwalimu. Darasa likiwa la watoto wanaolingana, mwalimu anaweza kufundisha pale walipo, badala ya kukimbizana na watatu wa dawati la mbele. Kwa hiyo wenzako darasani wanakugusa kwa njia mbili: moja kwa moja, na kupitia namna wanavyombadilisha mwalimu. Njia hizo mbili zinaweza kuvutana. Msemo wa kwamba mtoto akikaa na wenye akili atapata akili ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki inashika chaki.

Wenzetu hata hutuathiri bila kuigana. Wilayani Busia, Kenya, kuanzia 1998, Edward Miguel na Kremer walifuatilia dawa za minyoo katika shule 75 zenye watoto zaidi ya 30,000, shule zikipewa dawa kwa zamu. Utoro ulipungua kwa kama robo, na hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika kwa kuwa karibu na waliomeza, maana minyoo iliyokufa haiambukizi jirani. (Hesabu zao kuhusu shule za mbali zilikosolewa baadaye na kusahihishwa. Mjadala ulikuwa mkali kweli.)

Basi tungeweza kupiga kura Samunge? Kinadharia ndiyo. Kiuhalisia, nani angemwambia mama aliyelala kwenye gari siku nne kwamba kura imemwangukia vibaya, arudi Singida? Kwa hiyo tunabaki na ushuhuda, na ushuhuda una matundu. Watu wengi husafiri wakati hali imezidi kuwa mbaya, na pumu au maumivu yakishafika kileleni mara nyingi hushuka yenyewe, kikombe kiwepo au kisiwepo. Halafu aliyepona hurudi kushuhudia. Aliyefariki hana wa kumpigia simu redioni.

Hapo Manski ana kitu kingine ninachokipenda kuliko kile cha kioo. Tufanye mfano wa kubuni. Watu 100 wamekunywa. Wako 30 wanasema wamepona, 10 wanasema hawajapona, na 60 hatujui walipo. Waliopona ni asilimia ngapi? Mwenye haraka atasema 30 kati ya 40, yaani 75. Manski anasema hapana, usijaze pengo kwa kudhani. Huenda wale 60 wote hawakupona, basi ni 30. Huenda wote walipona, basi ni 90. Jibu la haki ni "kati ya 30 na 90". Na hapo tumehesabu waliopona tu, wala hatujagusa waliopona kwa sababu ya kikombe. Jibu pana namna hiyo linakera, najua. Lakini shangazi angekuwa nalo mkononi, pengine angeendelea na vidonge huku akisubiri kuona.

Jioni nilimpigia dada. Nikamwambia aiulize shule watoto hao walikuwa na alama gani siku walipoingia. Kisha pale kijijini awatafute wawili watatu waliohama, awalinganishe na waliobaki wakiwa na alama kama zao. Na aulize mwalimu wa darasa la tano ana watoto wangapi, huku na kule.

"Kwa hiyo hujui," akasema.

"Najua kuanzia hapa mpaka hapa."

Akacheka, akaniuliza kama hicho ndicho mkopo wa serikali unalipia. Lakini Jumatatu atapita pale shuleni kuomba matokeo ya mtihani wa kuingilia. Ng'ombe bado wako zizini.