Kabla ya Kuinua Gari la Msikiti

Masika yanapofika, njia za vumbi kati ya Kahama na machimbo ya Geita huchimbika mifereji chini ya malori, na gari lililo chini hukwama kwa tumbo. Pikapu ya msikiti wetu, Toyota Hilux ya zamani inayobeba maji, mabati ya madrasa na mara nyingine jeneza, ilikwama hivyo huku wafiwa wakingoja makaburini. Kamati tukaafikiana iinuliwe mbele.

Gereji tulimkuta kijana anayejifunza ufundi amelala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tulimsihi atoke kabla hata ya kusalimiana. Jeki huteleza, huvuja, na ardhi laini huididimiza. Kazi ikaanza upya: sakafu ngumu, kabari kwenye magurudumu ya nyuma, stendi imara chini ya chesesi kila upande, ndipo mtu akaingia.

Gari letu hubebwa mbele na vyuma virefu vinavyojisokota. Fundi alipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, akaondoa uzito magurudumuni, kisha akazungusha bolti za marekebisho na kusawazisha pande zote mbili. Hilux za umbo lililotoka mwaka 2004 zina springi za mviringo zilizobanwa kwa nguvu inayoweza kuua. Hizo hazifunguliwi bila kibanio chake maalumu.

Tuliridhika na sentimita 4. Ukizidisha, viungo vya ekseli hupinda na kulika upesi, na shokapu hukosa nafasi ya kushuka gurudumu linapoingia shimoni. Baadaye tulihakikisha mipira ya breki haivutiki, tukapima alaimenti ili tairi zisilike upande mmoja, tukashusha mwanga wa taa usiwapofushe wanaokuja mbele. Kampuni ya bima nayo ijulishwe.

Wazazi wajue pia kwamba gari lililoinuliwa hupinduka kwa wepesi zaidi kwenye kona. Kwa hiyo kitabu cha kumbukumbu za kikao kina maamuzi mawili: watoto wa madrasa hawatapanda tena nyuma ya pikapu, na kamati itanunua stendi zake. Gari ni amana. Yule kijana aliyekuwa chini yake ni amana kubwa zaidi.