Petroli Inakwenda Wapi? Uchunguzi wa Pikipiki Iliyoanza Ghafula Kula Mafuta

Mtu asafiriye kati ya Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, hukutana na pikipiki kabla hajakutana na chombo kingine chochote chenye injini. Pikipiki hubeba abiria, magunia ya mahindi, vikapu vya machungwa, mgonjwa anayewahishwa hospitali, na pengine mbuzi wa arusi. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoitambua kazi ya kusafirisha abiria kwa pikipiki, kazi hiyo, ambayo wananchi huiita bodaboda, imekuwa riziki ya vijana wengi. Lakini wengi wao hawamiliki vyombo wanavyoviendesha. Kijana hukabidhiwa pikipiki na tajiri wake, naye humpelekea kila jioni "hesabu", yaani kiasi walichopatana. Kinachobaki baada ya hesabu na petroli ndicho chake. Kwa hiyo pikipiki inapoanza kula mafuta, kwanza hula chakula cha kijana huyo.

Katika makala hii tutaeleza jinsi ya kuitafuta sababu ya hasara hiyo kwa utaratibu. Tutafuata kisa kimoja nilichokishuhudia, kwa kuwa kinaonyesha makosa ambayo hata mwalimu wa sayansi anaweza kuyafanya.

Majibu manne bila kipimo

Nilikuwa likizoni Korogwe nilipoletewa shauri. Kijana mmoja aliyekuwa akienda Handeni na kurudi karibu kila siku alidai kwamba pikipiki yake, ya sentimita za ujazo 150, ilikuwa imebadilika ghafula. Zamani lita moja ilimpeleka kilomita 45 hivi. Sasa haikumfikisha mbali ya kilomita 30. Tajiri wake, mzee mwenye heshima zake, hakuyaamini maneno hayo. Yeye alishuku kwamba kijana alikuwa akiuza petroli au akizunguka na abiria wasiohesabiwa, na alikwisha kuazimia kumnyang'anya chombo mwisho wa juma.

Kijana naye alikilaumu kituo cha petroli. Fundi alisema injini imechoka, inataka pistoni na ringi mpya. Mimi nilipoulizwa nilijibu upesi, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba bila shaka ni vumbi katika chujio la hewa. Tulikuwa watu wanne wenye majibu manne, wala hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa amepima.

Tazama, msomaji, uzito wa jambo lenyewe. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 hivi, yaani 130 kwenda na kurudi. Kwa kilomita 45 kwa lita, safari hiyo huhitaji lita 2.9, kwa kilomita 30, huhitaji lita 4.3. Tofauti ni lita 1.4 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni zaidi ya lita 36 kwa mwezi.

Namna ya kupima

Kipimo cha kuaminika hakihitaji maabara. Pikipiki husimamishwa wima juu ya stendi yake ya kati, mahali palipo sawa, na tangi hujazwa mpaka alama iliyochaguliwa chini ya shingo yake. Namba ya kilomita huandikwa. Baada ya safari, chombo hurudishwa kwenye pampu ileile, husimamishwa vilevile na kujazwa mpaka alama ileile. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika. Mshale wa tangi haufai kwa kazi hii, wala haifai kutia "ya elfu tano" na kukisia.

Safari yenyewe sharti iwe ya kwenda na kurudi. Handeni iko juu kuliko Korogwe. Tukichukua mita 300 kuwa mfano wa kimo hicho, na uzito wa pikipiki, dereva na abiria kuwa kilo 250, kazi ya kuupandisha uzito huo ni kama jouli 735,000. Lita moja ya petroli ina nishati ya jouli milioni 32 hivi, lakini injini ndogo hufikisha katika gurudumu kama sehemu moja tu ya tano; nyingine hupotea kwa joto. Hivyo mlima peke yake hudai karibu sehemu moja ya kumi ya lita. Anayepima kwenda tu ataionea pikipiki, na anayepima kurudi tu ataipendelea.

Ili kuiondoa shaka, mzee alikubali kupanda nyuma ya kijana kwa safari nzima. Waliporudi, pampu iliingiza lita 4.3. Jambo moja likawa limethibitika: petroli ilikuwa ikiliwa na pikipiki, na mwizi hakuwapo.

Kituo cha petroli nacho

Shutuma ya kijana ilistahili kuchunguzwa pia. Wako wanaoamini kwamba petroli inayonunuliwa mchana wa jua imevimba, na mnunuzi hupunjwa. Ni kweli kwamba petroli hutanuka, lakini kwa kadiri ya asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto. Hilo haliwezi kueleza ongezeko la karibu nusu.

Kuchanganya petroli na mafuta ya taa ni jambo zito zaidi. Uovu huo ulipata kuenea nchini wakati mafuta ya taa yalipokuwa rahisi mno kuliko petroli. Mwaka 2010 ulianzishwa utaratibu wa kutia alama maalumu katika mafuta yaliyolipiwa kodi, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa iliongezwa ili faida ya kuchanganya ipungue. Dalili za mchanganyiko huo ni injini kugonga inapopanda mlima, moshi, na kuwaka kwa shida asubuhi. Tone la petroli safi juu ya karatasi nyeupe hukauka upesi, ilhali mafuta ya taa huacha doa linalokawia. Jaribio hilo hufanywa nje, mbali na moto, na ni dokezo tu. Si ushahidi wa kumshitaki mtu. Sisi hatukuona doa, na pikipiki nyingine zilizojaza pale hazikuwa na malalamiko.

Njia tatu za hasara

Petroli inayoingia katika tangi inaweza kupotea kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuvuja kabla ya kufika katika injini. Ya pili ni kuunguzwa vizuri, kisha nguvu yake ikaliwa na msuguano njiani. Ya tatu ni kuunguzwa vibaya. Inafaa kuzifuata kwa mpangilio huo, kwa sababu uchunguzi wa njia mbili za kwanza hauhitaji kufungua injini.

Kwanza tuliweka kipande cha boksi kavu chini ya injini usiku kucha. Kama mpira wa petroli umepasuka, au kama uchafu umeizuia sindano ya boya ndani ya kabureta isifunge, asubuhi huonekana doa na kunusika harufu. Boksi lilikuwa safi.

Pili tuliyachunguza magurudumu. Upepo wa tairi ulipimwa kwa geji, kwani jicho haliwezi kuona tairi iliyopungukiwa robo ya upepo wake, nayo hudai nguvu zaidi kila inapobonyea. Nyororo ilikuwa na ulegevu unaotakiwa. Kisha gurudumu la mbele liliinuliwa na kuzungushwa kwa mkono. Likaenda mizunguko kadhaa. La nyuma halikumaliza hata mzunguko mmoja. Tulimwomba kijana aende kilomita chache bila kukanyaga breki ya nyuma, kisha tukanyunyiza matone ya maji juu ya habu ya gurudumu hilo. Maji yalichemka. Joto lile lilikuwa petroli iliyonunuliwa kwa fedha.

Viatu vya breki vilikuwa vipya, lakini vilikazwa kupita kiasi, vikawa vinasugua wakati wote. Nati ililegezwa mpaka gurudumu likazunguka kwa uhuru, na breki ikajaribiwa tena na tena kuhakikisha kwamba bado inashika, kwa maana uhai ni ghali kuliko petroli. Safari ya pili ya kipimo ilitumia lita 3.6.

Hapo wengi wangalishangilia na kwenda zao. Lakini lita 3.6 si 2.9.

Kabureta na pumzi ya injini

Ili kuungua sawasawa, kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa. Kwa ujazo, lita moja ya petroli hutaka karibu lita 9,000 za hewa. Kazi ya kulinganisha vitu hivyo viwili ni ya kabureta. Hewa inapopita katika koo jembamba la kabureta huongeza mwendo na kanieneo yake hupungua, jambo lililoelezwa na Mwitalia Giovanni Battista Venturi mwaka 1797. Upungufu huo ndio unaoifyonza petroli kutoka katika kibakuli chake, kupitia tundu dogo la shaba liitwalo jeti. Petroli ikizidi, sehemu yake hutoka kwa silensa bila kuungua barabara, ikifuatana na masizi na gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu. Kwa sababu hiyo injini isiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa.

Plagi ndiyo hutoa habari za ndani. Injini ikiwa imepoa, plagi hufunguliwa na kutazamwa. Rangi ya hudhurungi hafifu ni njema. Weupe mkali huonyesha joto kupita kiasi au upungufu wa petroli. Weusi mkavu kama masizi ya chungu huonyesha petroli iliyozidi, na weusi wenye majimaji ya oili ndio unaozungumzia ringi zilizochakaa. Yetu ilikuwa nyeusi, kavu. Basi fundi hakuwa na sababu ya kudai pistoni mpya.

Sasa zamu ikawa ya chujio langu la hewa. Kweli lilikuwa limejaa vumbi jekundu la njia za vijijini. Tulilisafisha, nami nikangoja matokeo kwa matumaini. Safari ya tatu ilitumia lita 3.5. Jibu langu la haraka lilikuwa na ukweli wa kijiko kimoja tu.

Ndipo tulipofungua kabureta. Choki ilikuwa ikirudi vizuri. Lakini jeti kuu ilikuwa na namba kubwa kuliko ile iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Fundi, ambaye alikuwa mtu mkweli, alikumbuka mara moja. Majuma kadhaa nyuma kijana alikuwa amelalamika kwamba pikipiki inakosa nguvu mlimani. Fundi alimtilia jeti kubwa ili apate nguvu, na siku hiyohiyo akambadilishia viatu vya breki.

Fumbo likafumbuka. Nguvu zilipungua kwa sababu injini ilikosa hewa, maana chujio lilikuwa limeziba. Badala ya kuongezewa hewa, iliongezewa petroli. Tena ukubwa wa tundu una hila yake: eneo lake hukua kwa mraba wa kipenyo. Tundu la milimita 1.0 likifanywa kuwa la milimita 1.1, kipenyo huongezeka kwa asilimia 10, lakini eneo la kupitishia petroli huongezeka kwa asilimia 21. Kwa ajili hiyo si vizuri kuzibua jeti kwa sindano ya chuma, ambayo huikwangua shaba. Upepo wa pampu hutosha.

Jeti ya asili ilirudishwa. Safari ya nne ilitumia lita 3.0, yaani kilomita 43 kwa lita.

Mafunzo

La kwanza ni kwamba neno "ghafula" lina maana kubwa. Kuchakaa kwa injini huja polepole. Hasara ikija kwa siku moja, ulizeni kwanza: siku hiyo pikipiki iliguswa wapi, na nani? La pili, badilisheni jambo moja tu, kisha pimeni. Kama tungalifanya yote kwa mara moja, mimi ningalirudi nyumbani nikitamba kwamba chujio la hewa ndilo lililokuwa na makosa. La tatu, sababu zinaweza kuwa zaidi ya moja, na kuipata ya kwanza si kumaliza kazi. Hata pikipiki za kisasa, ambazo hunyunyiziwa petroli kwa mfumo wa umeme badala ya kabureta, huchunguzwa kwa mpango huuhuu, ingawa hatua ya mwisho huhitaji fundi mwenye chombo cha kuusoma mfumo huo.

Mzee hakumnyang'anya kijana pikipiki. Alinunua daftari dogo, akaagiza kwamba kila tangi linapojazwa ziandikwe kilomita, lita na kazi yoyote iliyofanywa na fundi. Nilipopita tena niliona kurasa kadhaa zimekwisha kujaa kwa mwandiko wa watu wawili: kijana huandika, na mzee hutia sahihi chini yake.